Mlangoni pa Pango

Kabambare haina bahari, haina volkano, haina kisiwa. Ina mto Lwama unaoteremka bila haraka kuelekea Lualaba, ina vilima ambako msitu na mbuga vinapokezana, ina barabara nyekundu ambayo mvua ikinyesha hubaki ya wenye miguu tu. Mtu anaweza kuzaliwa huku, akaoa, akazeeka, akazikwa, bila kuinamisha kichwa hata mara moja mbele ya mdomo wa pango. Na bado kila wiki pango hufunguka katikati ya mji. Ikiingia Ijumaa, mtu huketi juu ya mkeka, akafungua msahafu wenye kurasa zilizolainika kwa vidole vya waliomtangulia, akaanza kusoma Sura ya Pango. Nje jogoo wanawika, mtu anapasua kuni, mtoto analia kisha ananyamaza. Ndani ya sauti ile moja mna giza tulivu la mawe, na kundi la vijana wamelala.

Waumini wa Kasongo na Kabambare, huku kwetu Manyema, mashariki ya Kongo, wanakijua kisa hiki toka utotoni. Vijana walikimbia mji uliowakataza kumwabudu Mungu mmoja, wakaingia pangoni, wakalala. Mbwa wao akabaki kizingitini, amenyoosha miguu yake ya mbele. Jua likichomoza lilipinda upande wa kulia wa pango, likitua liliwakwepa upande wa kushoto, wao wakiwa katika nafasi ya ndani. Waligeuzwa huku na huku usingizini, kama mama anavyomgeuza mtoto mchanga asiumie ubavu. Miaka 300 ikapita, na 9 juu yake. Walipoamka wakaulizana wamelala muda gani, wakadhani ni siku moja, au kipande cha siku. Wakamtuma mwenzao sokoni na sarafu ya fedha, akatafute chakula kizuri.

Walikuwa wangapi? Wengine husema watatu, wengine watano, wengine saba, na mbwa juu yao. Kitabu kinazitaja hesabu hizo, kisha kinamwachia Mungu ujuzi wake. Jambo hilo limekuwa likinituliza kwa muda mrefu. Kumbe inawezekana watu wahifadhiwe kwa uangalifu wote ule, jua likageuzwa kwa ajili yao, na bado idadi yao isijulikane ila na wachache.

Mimi hukaa zaidi na yule mbwa. Hakuingia mpaka ndani, wala hakuondoka. Alilala pale ambapo mwanga unakutana na giza, na kwa sababu yake tunajua kwamba mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyeusukuma mwamba kuwafungia wale vijana. Wangeamka mapema, wangetoka.

*

Sura hii ilitufikia kwa miguu. Ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikapita Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi, ikapanda milima ya magharibi hadi kwetu na mbele zaidi mpaka Kasongo na Nyangwe. Ilikuja katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara, pamoja na lugha hii ninayoiandika, pamoja na mpunga na miembe. Njia hiyohiyo iliwachukua watu wetu kwenda upande wa pili, shingo zao zikiwa zimefungwa pamoja. Njia ni moja. Mpaka leo siwezi kuzitenganisha moyoni safari hizo mbili, na nimeacha kujaribu. Nikisikia sura inasomwa vizuri, nashukuru, na wakati huohuo nawakumbuka.

Miongoni mwa waliopita huku alikuwa David Livingstone, ambaye katika daftari zake aliiita Kabambare kwa jina la Bambarre. Aliingia Septemba 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimweka kitandani, na kuanzia Julai 22 hadi Oktoba 10, 1870, siku 80, hakutoka nje ya kibanda chake. Alikuwa amezunguka nusu ya Afrika, na sasa ulimwengu wake ulikuwa ukuta wa udongo, paa la majani na mlango mmoja. Aliandika baadaye kwamba akiwa Manyema aliisoma Biblia yote mara nne.

Katika miezi ile alisikia habari za nyumba zilizo chini ya ardhi katika nchi ya Rua, kusini, mapango makubwa ambamo watu walikaa na mali zao. Akatamani kuyaona. Aliyataja tena na tena katika maandishi yake, pamoja na chemchemi za mto Nile alizokuwa akizitafuta. Hakufika. Alifariki Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mapango ya Rua yakiwa bado ni maneno aliyoambiwa na wasafiri.

Huwa najiuliza mapango yale yalikuwaje ndani ya kichwa cha mgonjwa, usiku, mvua ya Manyema ikipiga majani ya paa. Huenda yalikuwa makubwa kuliko yalivyo kweli. Huenda yalikuwa na ubaridi ambao miguu yake iliuhitaji. Kuna mahali ambapo mtu hupewa kupasikia tu, na kusikia huko kukawa ndiyo fungu lake. Wengi wetu tumepewa Makka kwa njia hiyo, na Yerusalemu, na bahari.

*

Kati ya Kabambare na Ujiji pana ziwa, na ziwani pana sauti. Stanley, msafiri aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipokaribia Ujiji mwaka 1871 alisikia ngurumo ya mbali isiyo na wingu. Wenyeji wakamwambia ni Kabogo, mlima mkubwa wa ng'ambo ya Tanganyika wenye mashimo marefu ambamo maji huingia na kunguruma. Wakamweleza kwamba mitumbwi mingi ilipotea pale, na kwamba wapitao, Waarabu kwa wenyeji, hutupa majini vitambaa na hasa shanga nyeupe, ili kumridhisha mwenye ziwa.

Nimejaribu kuwaza mtumbwi ukipita hapo alfajiri. Makasia yanapunguza nguvu. Watu wanaacha mazungumzo ya bei na ya magonjwa. Mmoja anafungua fundo la kanga, anatoa shanga chache, anaziachia. Shanga haina uzito wa kutoa mlio. Kisha ule mngurumo, tena, kutoka mahali pasipoonekana. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Pale Kabogo mshindo ndio uliowafundisha watu kimya. Na ndani ya mtumbwi huohuo, pengine, alikuwepo mtu wa Kabambare aliyefungwa mikono, asiye na shanga ya kutupa.

*

Mangapwani iko kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, kando ya bahari. Nilipofika kule nilitaka kwanza kuliona pango la asili, kwa sababu lina maji. Husimuliwa kwamba kijana mmoja mtumwa alikuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea, akamsikia akilia chini ya kichaka, akafuata sauti, na kichaka kilipofunguka pakaonekana shimo, na chini ya shimo dimbwi la maji matamu. Watu wa shamba wakapata kisima. Jina la kijana halikubaki.

"Karibu, mgeni," aliniambia kijana aliyekuwa akituongoza. "Shika ukuta, ngazi zina utelezi."

"Ahsante, kaka."

Nikaushika ukuta. Mawe ya Unguja si mawe ya kwetu. Kwetu jiwe ni jekundu au jeusi, zito, kimya. Hili lilikuwa jeupe lenye kijivu, limejaa matundu, na kiganja changu kilipokuwa kikishuka juu yake kilikutana na kitu laini chenye mistari. Nikawasha tochi. Ilikuwa kombe ya chaza, nzima, imezama ndani ya mwamba, mistari yake midogo ikipanuka kutoka shina hadi ukingo jinsi ilivyokuwa siku zile chaza alipokuwa hai. Mwamba wote ule ulikuwa matumbawe. Bahari ilikuwa pale juu, mahali nilipoacha viatu vyangu, kisha ikashuka, ikaiacha sakafu yake iwe nchi. Mvua za miaka isiyohesabika zikaitoboa taratibu, tone kwa tone, mpaka pakawa na chumba. Nilisimama ndani ya bahari iliyokauka, mbele ya maji ya mvua, nikasikia tone likianguka, na baada ya muda mrefu, jingine.

Mwendo mfupi kutoka hapo kuna chumba cha pili, na hicho hakikuchimbwa na mvua. Ni chumba cha mstatili kilichochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe, kikaezekwa juu, na ngazi zinazoteremka gizani. Kilijengwa karibu mwaka 1880. Kabla ya hapo, mwaka 1873, Sultani Sayyid Barghash alikuwa amekubali mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, na biashara ikaingia mafichoni. Watu walishushwa humu, wakasubiri usiku na chombo. Toka chumbani njia nyembamba inakwenda pwani.

Mwamba ni uleule. Nilitafuta kombe ukutani na nikaipata, ndogo zaidi. Ubaridi ni uleule, harufu ya chumvi na majani mabichi ni ileile, na giza halitofautiani hata kidogo. Nilikaa kwenye ngazi ya mwisho nikisubiri kuelewa kwa nini pango la kwanza lilinifanya nishushe pumzi na hili likanibana kifua. Nilipogeuka kutoka, nikauona mlango juu yangu, mraba wa mwanga. Aliyeushika mlango ule alikuwa nje.

Hayo tu. Kwa wale vijana wa sura, kizingiti alikilinda rafiki, na kilikuwa wazi. Hapa kilishikwa na mtu mwenye daftari.

Sijui ni watu wangapi wa Manyema walikalia sakafu ile, na wala Mangapwani haina orodha. Naijua njia tu. Wengine katika vizazi vile walibaki pwani na kuzaa, na leo Dar es Salaam ina Msikiti wa Manyema, na Ujiji ina mitaa ambako jina letu linasikika kila siku. Wengine waliishia majini. Kama idadi yao haijulikani, basi nao nawahesabu pamoja na wale wa pangoni, ambao ujuzi wao ameachiwa Mungu.

*

Kusini-mashariki ya Unguja, upande wa Jambiani, kuna pango la Kuumbi. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba sakafu yake na kukuta kwamba watu walilitumia tangu takriban miaka 20,000 iliyopita. Wamekuta mifupa ya punda milia na ya nyati, wanyama wasioweza kuogelea hadi kisiwani, kwa sababu wakati ule Unguja haikuwa kisiwa. Bahari ilikuwa chini, na mtu angeweza kutoka bara kwa miguu, akifuata windo lake, hata akaingia pangoni na kuwasha moto.

Mpaka leo watu huenda pale kuomba, wakachoma ubani, wakaacha sadaka ndogo. Sina la kusema juu ya desturi hiyo, ila nilisimama kwa adabu. Mizizi ya miti ya juu ilikuwa imepenya dari na kuning'inia, nyembamba, ikitafuta maji. Popo walijisogeza mahali pao, kisha wakatulia. Nilifikiria moto wa kwanza uliowashwa humo na mtu ambaye lugha yake hakuna anayeijua. Bila shaka naye alikaa akitazama nje. Bila shaka alikuwa na mtoto aliyemkataza asiende mbali. Mbele ya miaka 20,000, ile 300 na 9 ni usingizi mfupi, na maisha yangu hayafiki hata kugeuka ubavu mmoja.

*

Yako pia mapango yaliyozaliwa na moto, na sisi Wakongo moto wa chini tunaujua. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na waliokuwepo Januari 17, 2002 na Mei 22, 2021 hawahitaji kuelezwa volkano ni nini. Mawe yaliyoyeyuka yanapoteremka, ngozi yake ya juu hupoa na kuganda kwanza, huku ndani yakiendelea kwenda. Yakikatika kule yanakotoka, yaliyobaki hutiririka hadi mwisho, na nyuma yake huacha njia tupu chini ya ardhi. Katika vilima vya Chyulu, Kenya, kuna pango la namna hiyo lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11. Moto ulipita, ukaondoka, na nafasi uliyoiacha ikawa nyumba ya popo na ya kimya.

Katika mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, volkano iliyozimika zamani sana, tembo huingia usiku ndani ya pango la Kitum. Hawana tochi. Hupapasa kwa mkonga, hatua kwa hatua, mama akimtanguliza au akimfuata mwanawe, mpaka ndani kabisa, wakakwangua ukuta kwa pembe na kula jiwe, kwa sababu lina chumvi. Halafu hugeuka, wakatoka kwa njia waliyoingilia. Mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu huinama gizani kutafuta punje ya chumvi, na mwamba humpa. Katika mapango mengine ya mlima huohuo watu waliishi na ng'ombe wao. Msafiri Joseph Thomson aliwakuta humo mwaka 1883. Ziwa linaponguruma, moto unapopita, tembo anapokula jiwe, nahisi tunaishi juu ya dari ya nyumba ambayo hatujaingia vyumba vyake.

*

Wakristo wa kwetu nao, ambao pango hawakupewa na ardhi, wamejijengea. Katika parokia nyingi za Kongo utakuta groto kando ya kanisa: mawe yaliyobebwa kichwani toka mtoni, yakapangwa moja juu ya jingine, yakaachiwa uwazi mmoja, na ndani yake Bikira Maria mwenye shela jeupe na mshipi wa buluu. Groto hilo linakumbusha pango la Massabielle, kule Lourdes nchini Ufaransa, ambako mwaka 1858 Bernadette Soubirous, msichana maskini wa miaka 14 aliyetoka kuokota kuni, alisema amemwona Bibi mmoja akisimama kwenye mwamba.

Jioni akina mama hupiga magoti pale, kitenge kimekunjwa chini ya goti, rozari ikitembea vidoleni. Mshumaa umebandikwa juu ya jiwe kwa nta yake wenyewe. Muislamu anayepita akitoka sokoni hupunguza sauti, kwa kuwa Maryamu ni wake pia. Ana sura yenye jina lake. Na Mtume, kabla hajasomewa neno la kwanza, alikuwa na desturi ya kukaa peke yake katika pango la Hira. Wote waliokaribia neno kubwa walipitia mahali padogo.

*

Lakini Kabambare inayo mashimo yake, na yamejaa watu hivi sasa. Huko Salamabila na Namoya dhahabu huchimbwa tangu enzi za Wabelgiji, na vijana wetu bado huifuata. Shimo si pana kuliko mabega. Kijana hufunga tochi kichwani, hushika kamba, huweka mguu kwenye kijishimo alichokichonga ukutani, kisha kingine, na mwanga wake hushuka mpaka unabaki nukta. Chini huko hakuna jogoo wala adhana. Kuna pumzi yake, na udongo, na matumaini ya ada ya shule ya mdogo wake. Juu, mdomoni mwa shimo, amekaa mwenzake. Kazi yake ni kushika kamba na kusikiliza.

Nimemtazama huyo wa juu kwa muda mrefu. Hali, hacheki sana, haendi mbali. Mkono wake unaihisi kamba ikitikisika na anajua maana ya kila mtikisiko. Ameketi mahali pa yule mbwa wa kisa, pale ambapo mwanga unakutana na giza, na kwa sababu yake shimo lile ni kazi, halijawa kaburi.

Msomaji wangu, ukijaliwa kufika Mangapwani, usitoke kabla hujawaombea rehema walioshushwa pale, hata kama hujui majina yao. Usiku wa leo, ukiwa Ujiji au Muscat au Brussels, waombee pia walio chini ya ardhi ya Kabambare. Na wewe uliye huku nyumbani, mwenye mtoto au mdogo wako anayeshuka shimoni: mvua ikianza tu, usingoje. Mwite apande.